Geti la chuma karibu na bahari: ununue kinga ipi?

Ukiishi Nyali, Kigamboni au Paje, upepo unaleta chumvi, chumvi inavuta unyevu, na kutu inaanzia kwenye maungio ya kuchomelea. ISO 12944, kiwango cha kimataifa cha rangi za kukinga chuma na kutu, kinaziweka pwani zenye chumvi nyingi kwenye daraja la C5, yaani mahali chuma kinapoliwa kwa kasi sana. Rangi iliyomfaa shemeji yako wa Dodoma isikushawishi.

Chaguo la kwanza kwangu, bila kusita, ni kulichovya geti kiwandani kwenye zinki iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 450 hivi. Zinki inaingia mpaka ndani ya bomba, ambako brashi haifiki, na geti likikwaruzwa, zinki ya pembeni ndiyo inayoliwa kwanza. Kazi yote ya kuchomelea na kutoboa matundu ya hewa imalizike kabla ya kuchovya. Fundi akija kuongeza bawaba baadaye, moto wake unaunguza zinki, na kutu itatokea hapo hapo. Ukitaka rangi juu yake, usipake rangi ya mafuta moja kwa moja, itabanduka. Nunua kwanza praima ya mabati, yaani rangi ya msingi inayoshika juu ya zinki.

Kama geti limeshafungwa, chukua mfumo wa tabaka tatu za rangi: praima ya epoksi yenye zinki, epoksi katikati, poliyurethani juu. Usiruke hilo la juu, maana epoksi ikipigwa na jua inageuka unga kama chaki. Praima ya zinki nayo inataka chuma kitupu kilichopigwa mchanga kwa mashine, kwa sababu lazima zinki iguse chuma chenyewe. Mkisafisha kwa brashi ya waya tu, ulizia epoksi inayovumilia mabaki ya kutu, hela ya zinki ibaki mfukoni. Rangi hizi huja kwa makopo mawili. Pimeni kwa uwiano ulioandikwa, na mchanganye kiasi mtakachomaliza, kwani ikianza kuganda hata tina haiokoi.

Red oksaidi, ile praima nyekundu ya kawaida, na rangi ya mafuta juu yake naiweka mwisho. Inatosha kwa grili za ndani. Nje, mbele ya bahari, siishauri.

Lolote utakalochagua, chuma kioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kikauke, na fundi asipake alfajiri umande ukiwa bado juu yake. Mwambie gharama ya kusafisha aiandike peke yake, mbali na ya kupaka. Asiyeiandika kabisa, tafuta mwingine.