Albamu za stona roki na dumu metali: ipi ununue kwanza ukiwa Dodoma

Ukiwa na hela ya albamu moja tu, nunua Master of Reality ya Black Sabbath. Ukiwa na hela ya mbili, ongeza Welcome to Sky Valley ya Kyuss. Mwenye haraka anaweza kuishia hapo na hatajuta. Anayetaka kujua sababu, na aende wapi baada ya hizo mbili, asome mpaka chini. Nimeandika nikimfikiria mtu wa Dodoma, Manyoni au Singida mwenye simu, sabufa ya sebuleni na bajeti isiyoruhusu kubahatisha.

Kwa mgeni, haya ni matawi mawili ya hevi metali yenye mzizi mmoja. Dumu metali huenda taratibu, nzito, na hubeba huzuni au kicho. Stona roki ina mwendo zaidi, gitaa lake limekwaruzwa makusudi, na wimbo huzunguka kwenye kipande kimoja cha gitaa, rifu, kinachorudiwa mpaka kikuingie mwilini. Jina la stona limetokana na uvutaji bangi, na baadhi ya mashairi yanaisifu waziwazi. Bangi ni kosa la jinai hapa kwetu, na muziki huu hauihitaji hata kidogo. Mimi nausikiliza na akili zangu zote na unanitosha kabisa.

Kabla ya albamu yenyewe, angalia unasikilizia nini. Uzito wa muziki huu uko chini, kwenye besi. Uzi mnene wa gitaa la besi lililolegezwa kama walivyofanya Black Sabbath hutoa mitetemo kama 35 kwa sekunde, na spika ya simu haiwezi kuitoa sauti hiyo. Utakachosikia ni mkwaruzo mtupu, halafu utasema muziki ni kelele. Hedifoni za kuziba masikio, hata za bei ya kawaida, zinafaa kuliko spika ndogo ya bluetooth. Sabufa inafaa zaidi, ila punguza besi kwanza. Sabufa nyingi huja zimepandishwa besi kwa ajili ya bongofleva na singeli, na ukiziacha hivyo gitaa na besi vitagongana ukutani na hutatofautisha kimoja na kingine.

Sasa mpangilio. Nimepima kwa jambo moja: albamu utairudia mara ngapi baada ya kuilipia.

Ya kwanza, Master of Reality, 1971. Ni fupi, dakika kama 34, kwa hiyo haimchoshi anayeanza, na ndani yake kuna karibu kila kitu kilichokuja kuitwa stona na dumu. Black Sabbath walitoka Birmingham, mji wa viwanda Uingereza, na sauti yao ina historia ya kiwandani kweli. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine akiwa na miaka 17. Yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, hivyo vidole vilivyoumia ndivyo vinavyobana nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki vya kuvisha vidole, na kwenye nyimbo kadhaa za albamu hii akalegeza nyuzi kwa nusu-toni tatu ili zisimpe maumivu. Nyuzi zilipolegea, sauti ikashuka na kunenepa. Sikiliza Children of the Grave, kisha Into the Void, utaelewa kwa nini vizazi vya wapiga gitaa vimeendelea kushusha nyuzi zao mpaka leo.

Wapo watakaoogopa jina la bendi, hasa nyumba zenye wazee wa kanisa. Waambie wausikilize After Forever, uliomo humohumo. Mashairi yake yanamuuliza msikilizaji kama amewahi kufikiria roho yake itakwenda wapi, na yanamtetea Mungu mbele ya wanaomdhihaki. Aliyeyaandika, mpiga besi Geezer Butler, alilelewa Mkatoliki. Nimeona majadiliano ya nyumbani yakitulia baada ya wimbo huo mmoja.

Ya pili, Welcome to Sky Valley, 1994, na hapa nasema kama mtu wa kanda ya kati. Kyuss walikuwa vijana wa Palm Desert, mji wa jangwani California. Huko hakukuwa na kumbi za kuwapokea, wakawa wanabeba jenereta hadi jangwani na kupiga muziki wao chini ya anga wazi. Josh Homme, aliyekuja kuanzisha Queens of the Stone Age, alipitisha gitaa lake kwenye amplifaya ya besi, na matokeo yake ni sauti pana, yenye joto, isiyochoma masikio. Ukiisikia mwezi wa Agosti, upepo ukipeperusha vumbi na mibuyu haina hata jani, hutahitaji mtu akufafanulie. Ni muziki wa nchi kavu yenye mawe na upeo wa mbali, na nchi hiyo tunaijua. Ina dakika kama 51. Ukiiwasha ukitoka Bahi kwa gari, itakusindikiza karibu mpaka unapopanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, na wimbo wa mwisho mkubwa, Whitewater, una utulivu unaofaa kwa kupanda huko.

Angalizo la kununua: CD ya mwanzo iliunganisha nyimbo katika sehemu kubwa tatu, kwa sababu bendi ilitaka usikilize bila kurukaruka. Matoleo mengine yamezitenganisha wimbo kwa wimbo. Muziki ni uleule. Chukua lolote, lakini lipigwe kwa mpangilio wake; ukiacha simu ichanganye nyimbo, umeivunja albamu.

Ya tatu itawashangaza baadhi ya wapenzi, na siiondoi. Ni Lazy Bones!! ya WITCH, 1975, kutoka Zambia. Wazungu hawaiweki kwenye orodha za stona kwa sababu inaitwa Zamrock, yaani roki ya Zambia, lakini gitaa lake limekwaruzwa vilevile, mwendo wake una uzito uleule, na mwimbaji wao, Emmanuel Chanda aliyefahamika kama Jagari, anaimba kwa utulivu wa mtu asiye na haja ya kupiga kelele. Zambia ni jirani yetu. Wakati reli ya TAZARA ikikamilishwa, vijana wa upande wa pili wa mpaka walikuwa wanatengeneza muziki mzito kwa vifaa vyao, na wengi wetu tumekua bila kuusikia. Zamrock ilififia uchumi wa shaba ulipoporomoka, kisha rekodi zake zikatolewa upya nje ya bara miongo kadhaa baadaye. Ukiipenda, tafuta Africa ya Amanaz, ya mwaka huohuo wa 1975. Ukinunua hizi, hakikisha unanunua toleo rasmi, maana nakala za wizi za Zamrock ni nyingi na sauti zake ni mbovu.

Ya nne, Epicus Doomicus Metallicus ya Candlemass, Sweden, 1986. Jina la dumu lenyewe limo kwenye jalada. Nyimbo ni sita, na wa kwanza, Solitude, ni wimbo wa mtu aliyekata tamaa kabisa ya kuishi. Ukiwa kwenye kipindi kigumu, anza na wimbo wa pili. Mwimbaji, Johan Längqvist, ana sauti kubwa ya wazi ambayo mtu aliyekulia kwenye kwaya ataipokea mara moja. Alikuja kurekodi albamu hii tu akaondoka, na akarudi kwenye bendi mwaka 2018. Kwa anayependa kuimba pamoja na rekodi, hii ni bora kuliko zote nilizotaja.

Ya tano, Dopesmoker ya Sleep, na hapa tuliza akili kabla ya kulipa. Ni wimbo mmoja wa dakika 63. Watu watatu wa California, Al Cisneros, Matt Pike na Chris Hakius, waliurekodi mwaka 1996, kampuni iliyowalipa ikakataa kuutoa, na bendi ikavunjika. Mwaka 1999 ulitoka kwa jina la Jerusalem ukiwa umekatwa hadi dakika 52. Mwaka 2003 ukatoka mzima kwa jina la Dopesmoker. Nunua Dopesmoker. Ukikuta Jerusalem kwa bei ya chini, iache.

Mashairi yake yote ni msafara wa wavuta bangi jangwani, yamepambwa kwa lugha ya dini, na mwenye kukwazika na hilo ana haki ya kuipita. Lakini muziki wenyewe ni kazi ya subira ya hali ya juu. Rifu moja inashikiliwa, inabadilika kidogo mno, inarudi, na baada ya nusu saa unasikia tofauti ambazo mwanzoni usingezigundua. Aliyewahi kukaa karibu na wapiga ilimba na zeze wa Kigogo analijua jambo hili tayari. Muziki wa marehemu Hukwe Zawose nao huzunguka hivyo, na masikio ya Dodoma yamezoea kungoja. Ndiyo maana naamini albamu hii itapata wasikilizaji wazuri hapa kuliko kwingi.

Ya sita, Sorrow and Extinction ya Pallbearer, kutoka Arkansas, Marekani, 2012. Nyimbo tano ndefu, zinafunguliwa na gitaa kavu la taratibu. Huzuni yake inafariji. Inafaa ndani ya treni ya SGR ukielekea Dar es Salaam jioni: utaimaliza yote kabla ya Morogoro kama umeianza mara treni ilipoondoka.

Mkristo anayetaka mashairi yaliyosimama wazi upande wa imani aitafute Psalm 9 ya Trouble, bendi ya Chicago, 1984. Gitaa mbili, Biblia mkononi, na uzito usiopungua wa mtu yeyote hapo juu. Ingekuwa juu zaidi kwenye orodha kama sauti ya kurekodi ingekuwa nene zaidi.

Mbili nakushauri uzisubirishe. Dopethrone ya Electric Wizard, 2000, ni nzito kupita kiasi na wengi wataitaja kwanza, lakini imepakwa mkwaruzo mwingi kiasi kwamba kwenye sabufa ya kawaida inageuka uji, na mashairi yake yamejaa uchawi na chuki kwa dunia. Inunue ukishapata hedifoni nzuri. Mirror Reaper ya Bell Witch, 2017, ni wimbo mmoja wa dakika 83 wa besi na drams bila gitaa, uliotengenezwa kumlilia Adrian Guerra, mpiga drams wao wa zamani aliyefariki 2016. Sauti yake mwenyewe imewekwa ndani. Ni kazi nzuri mno. Mtu hainunui kwa kujaribu. Huifikia akiwa tayari.

Kuhusu namna ya kununua, bendi nyingi za dumu huuza kwenye Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, ambako unaonja kabla ya kulipa na ukishalipa faili ni lako. Albamu nyingi huko ni kati ya dola 7 na 10. Kadi ya benki inayoruhusu malipo ya mtandaoni inatosha, au kadi za mtandaoni zinazotolewa na kampuni za simu. Pakua MP3 ya kiwango cha 320 kama bando ni dogo: Dopesmoker nzima itakula kama megabaiti 150. FLAC ina sauti kamili lakini hula mara mbili au tatu zaidi, hivyo ipakue usiku kwenye bando la usiku, kisha weka nakala kwenye flashi.

Black Sabbath na wengine wa kampuni kubwa hupatikana kirahisi kwa CD iliyotumika. Muulize muuzaji gharama ya posta kabla, na ujue ushuru unaweza kuongezeka mzigo ukifika. Santuri sikushauri ukiwa Dodoma, labda kama una chumba chenye kivuli: inapinda kwenye joto, vumbi letu huingia kwenye mifereji yake, na posta ya kilo moja kutoka Ulaya mara nyingi hupita bei ya santuri yenyewe.