Kujibu ombi la mwekezaji anayetafuta eneo: huduma nne zinazouzwa kwa jamii, na thamani ya kila moja

Ombi la aina hii huja bila jina la kampuni. Juu kabisa pana jina la bandia la mradi, chini yake maswali ambayo mara nyingine huzidi mia, na mwisho tarehe ya kujibu ambayo mara nyingi haizidi siku kumi za kazi. Nyuma yake yuko mshauri wa uchaguzi wa maeneo anayelipwa na kampuni, na ombi hilohilo amelituma kwa jamii nyingine nyingi kwa siku moja. Kazi yake ya kwanza ni kuchuja. Majibu yakimfikia, hatafuti jamii iliyo bora kuliko zote. Anatafuta sababu ya kuziondoa nyingi, abaki na chache za kwenda kuzitembelea.

Hofu ya tarehe hiyo imezaa soko. Halmashauri na kamati za maendeleo huuziwa huduma za aina nne: mwandishi wa kukodi, mfumo wa ramani wa kutangaza viwanja na majengo, kifurushi cha faili la takwimu chenye kiolezo cha majibu, na mpango wa kuthibitisha kwamba kiwanja kiko tayari. Tathmini hii inazipima kwa swali moja tu: je, huduma inapunguza sababu za kuondolewa?

Mwandishi wa kukodi ndiye anayependwa zaidi, kwa sababu matokeo yake yanaonekana: kitabu cha rangi, picha zilizopigwa kutoka angani, barua ya mkuu wa mji ukurasa wa kwanza. Uzuri wake upo. Mhariri mzuri hushika ratiba, hukamata namba zinazopingana kati ya ukurasa wa 4 na wa 19, na huandika muhtasari wa ukurasa mmoja ambao mshauri atausoma kweli. Lakini hawezi kuandika asichopewa. Kama mamlaka ya maji haijasema ina akiba kiasi gani, ataandika kwamba maji ni ya kutosha, na mshauri akiona maneno hayo huhesabu swali hilo kuwa halijajibiwa.

Mfano unaojulikana sana wa ombi la namna hii ni wa Amazon. Septemba 2017 kampuni hiyo ilitangaza hadharani kwamba inatafuta mahali pa makao makuu ya pili, yenye ajira hadi 50,000, ikapokea mapendekezo 238. Ombi lilieleza vigezo bila kuficha: eneo la mji lenye watu zaidi ya milioni moja, uwanja wa ndege wa kimataifa usiozidi mwendo wa dakika 45 hivi, usafiri wa umma unaofika kiwanjani. Kutoka Tucson, Arizona, ulitumwa mkaktasi wa saguaro wenye urefu wa futi 21, kama mita 6.4. Amazon haikupokea zawadi, ukaishia kwenye jumba la makumbusho ya jangwa la hukohuko. Januari 2018 zilibaki jamii 20, na Novemba mwaka huo zikatajwa Arlington ya Virginia na Long Island City ya New York. Virginia ilikuwa imeweka mezani mpango wa kuongeza wahitimu wa fani za kompyuta, ikiwemo kampasi mpya ya chuo kikuu cha Virginia Tech. Mpango huo ulilenga hasa kile ambacho kampuni ilikuwa ikikitafuta, yaani watu wenye ujuzi.

Kwa hiyo mwajirini mwandishi kwa kazi ya kuhariri na kupanga, siku chache tu, baada ya majibu ya kitaalamu kukusanywa. Katika mkataba wake wekeni kifungu kimoja msichokiachia: lahajedwali (majedwali ya kompyuta kama ya Excel), ramani na picha zote katika faili asilia ni mali ya jamii. Ambao hawakukiweka hujikuta wakilipa upya kila ombi linapoingia.

Mfumo wa ramani una faida ya kweli moja kubwa. Mshauri huweza kuchuja viwanja kwa ukubwa, umbali wa barabara kuu na ukaribu wa umeme bila kumpigia mtu simu, na mara nyingine jamii hupata nafasi kabla ombi halijaandikwa. Udhaifu wake ni kuchakaa. Jengo lililopangishwa miezi minane iliyopita bado linaonekana liko wazi, mwenye ardhi hajui kwamba kiwanja chake kimetangazwa, bei ni ya miaka mitatu nyuma. Mshauri akikuta tangazo moja la uongo huacha kuyaamini mengine yote. Dawa ni ya kikarani: kila siku 90 mtu mmoja aliyetajwa kwa cheo awapigie wenye mali wote, na kila tangazo libebe tarehe ya kuhakikiwa. Kwa majengo, dai sehemu za kujaza urefu wa ndani kutoka sakafuni hadi boriti ya chini kabisa, nafasi kati ya nguzo, unene wa sakafu ya zege na idadi ya milango ya kupakilia. Mfumo usio na sehemu hizo umetengenezewa madalali wa nyumba, usiununue kwa kazi ya viwanda.

Kosa lingine la mifumo hii ni kuonyesha eneo lote badala ya eneo linalojengeka. Chukua kiwanja cha hekta 40. Toa hekta 6 za ardhi oevu, 3 za hifadhi ya njia ya umeme, 5 za mteremko mkali: zinabaki 26. Kama hizo 26 zimekatwa na kijito katikati, mwenye kuhitaji jengo moja refu hana nafasi hata kidogo. Andika namba zote mbili na uchore mstatili mkubwa kuliko yote unaoweza kuingia ndani ya mipaka.

Kifurushi cha faili la takwimu ndicho chenye thamani kubwa kwa gharama ndogo, na jamii yenye karani makini inaweza kujitengenezea bila kununua. Ni jedwali moja la maswali yanayojirudia katika maombi. Kila jibu lina safu nne: thamani, chanzo, tarehe, na ofisa anayehusika kulihuisha. Takwimu za nguvukazi zihesabiwe kwa muda wa safari, kwa mfano dakika 30 na 45 kutoka kiwanjani, kwa kuwa wafanyakazi hawafuati mipaka ya kiutawala. Mishahara itolewe kwa kazi mahususi, kama fundi umeme wa viwandani, mwendesha mashine au mpokeaji wa bidhaa ghalani, ikionyesha kiwango cha kati pamoja na cha chini na cha juu. Wastani wa mishahara ya kazi zote haumsaidii mtu.

Maji na umeme ndipo majibu mengi yanapoanguka, na kiolezo kizuri hujulikana hapa. Swali la maji halijibiwi kwa uwezo wa mtambo peke yake. Mtambo unaweza kutibu mita za ujazo 20,000 kwa siku, matumizi ya siku yenye mahitaji makubwa yakawa 15,500, na 2,500 zikawa zimeshaahidiwa kwa miradi iliyopitishwa. Akiba halisi ni 2,000. Jamii iliyoandika 20,000 haikusema uongo kwa nia, lakini mhandisi wa mwekezaji akigundua katika ziara, safari imeishia hapo. Hesabu hiyohiyo ifanywe kwa majitaka, pamoja na viwango vya uchafu ambavyo kiwanda lazima kivishushe chenyewe kabla ya kumwaga kwenye mfumo wa umma.

Kuhusu umeme, jibu la “laini inapita mbele ya kiwanja” halina maana. Shirika la umeme liandike: kituo cha kupozea kilicho karibu na umbali wake, msongo kwa kilovolti, megawati zilizo wazi leo, megawati zinazoweza kuongezwa na baada ya miezi mingapi, nani analipia upanuzi, na kama inawezekana kuleta njia mbili kutoka vituo viwili tofauti. Hilo la miezi lisichukuliwe juujuu. Transfoma kubwa huagizwa, na mara nyingi kuletwa kwake huchukua zaidi ya mwaka. Mwekezaji anayetaka kuwasha mitambo ndani ya miezi 14 lazima alijue hilo kwenye jibu la kwanza.

Kasoro ya violezo vya kununua ni kwamba vina mpangilio wao, na jamii huutuma huo badala ya mpangilio wa ombi. Fuateni namba za maswali kama zilivyo, msiguse vichwa vya safu kwenye lahajedwali la mshauri, wala msiandike “tazama kiambatisho” ndani ya kisanduku kinachohitaji namba. Anachofanya yeye ni kuunganisha majedwali ya jamii zote ayalinganishe. Kisanduku kisicho na namba ni kisanduku kitupu. Na pale ambapo jibu ni hapana, andikeni hapana, kisha njia ya kutatua, gharama, muda na mlipaji. Hapana yenye mpango hupita chujio ambalo ukimya haupiti.

Faili likiwa tayari, ratiba ya siku saba inawezekana. Siku ya kwanza watu watatu wasome ombi lote na waamue kama vigezo vya lazima vinatimizwa. Kisipotimizwa kimoja, barua fupi ya kukataa kwa heshima, yenye kueleza ni miradi ya aina gani mnayoiweza, huhifadhi uhusiano kuliko kitabu cha kurasa 80. Siku hiyohiyo barua ziende kwa maji, umeme na barabara zikiwa na kiasi kinachotakiwa na tarehe ya kujibu. Siku ya pili maswali ya ufafanuzi yatumwe kwa mshauri. Siku ya sita mtu ambaye hakuandika chochote asome jibu akiwa na ombi mkononi, swali kwa swali.

Uthibitisho wa kiwanja ni huduma ghali kuliko zote nne, na ndiyo inayobadilisha matokeo zaidi. Mtathmini wa nje hupita kwenye orodha: hati ya umiliki isiyo na mgogoro, upimaji wa mipaka na miinuko, mashimo ya kuchunguza udongo, uchunguzi wa historia ya uchafuzi, ardhi oevu, urithi wa kale, mafuriko, barua za huduma zote. Kila kimoja huondoa jambo ambalo lingemlazimu mwekezaji kusubiri miezi. Udongo na miinuko peke yake vinaweza kuua mradi: kuinua hekta 10 kwa mita 2 kunadai mita za ujazo 200,000 za udongo, yaani zaidi ya safari 13,000 za lori la mita 15. Mafuriko nayo husomwa vibaya. Eneo linaloitwa la mafuriko ya miaka 100 lina uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na ndani ya miaka 30 uwezekano wa kufikwa angalau mara moja ni kama asilimia 26. Kampuni za bima zinaijua hesabu hiyo.

Kabla ya kulipa, ulizeni mambo matatu. Cheti kinadumu muda gani, maana uchunguzi wa mazingira na barua za umeme huzeeka. Je, ripoti zenyewe mnakabidhiwa, au ni nembo tu ya kubandika? Na mtathmini analipwa sawa hata akikuta kiwanja hakifai? Kama malipo yake yanategemea kukipitisha, cheti hicho hakina uzito. Jambo ambalo mipango mingi huliruka ni bei. Bila mkataba ulioandikwa unaompa mnunuzi haki ya kununua kwa bei iliyokubaliwa hadi tarehe fulani, mwenye ardhi hupandisha bei mara tu anaposikia kampuni kubwa inakuja. Jamii yenye bajeti ndogo na ianze na kiwanja kimoja kilicho bora, ikimalize.

Vivutio vya kodi si huduma, ila wauzaji wa huduma zote nne hupenda kuvitanguliza. Kwenye jibu la kwanza tajeni aina zilizopo kisheria na vigezo vyake, bila kutoa kiasi kabla ya kujua mtaji na ajira za mradi. Jimbo la Wisconsin, Marekani, liliiahidi Foxconn, kampuni ya vifaa vya elektroniki ya Taiwan, karibu dola bilioni 3 mwaka 2017 kwa matarajio ya ajira 13,000. Mwaka 2021 mkataba uliandikwa upya: ajira 1,454 na dola milioni 80. Malipo yaliyofungwa kwenye ajira zilizohakikiwa ndiyo yaliyoiokoa hazina na hasara kubwa zaidi, ingawa fedha za ardhi na miundombinu zilikuwa zimeshatumika. Wananchi nao wana sauti: New York ilishinda, kisha Februari 2019 Amazon ikajiondoa baada ya upinzani wa viongozi na wakazi. Kabla ya kutia saini makubaliano ya usiri, mwanasheria aeleze kwa maandishi ni yapi sheria inawalazimu kuyatangaza na lini.

Kuna kazi moja ambayo hakuna kifurushi kati ya hivi kinachoiweka kwenye bei yake. Mkiondolewa, mpigieni mshauri ndani ya wiki mbili, akiwa bado anakumbuka. Muulizeni mliondolewa hatua gani, kwa swali namba ngapi, na jibu gani lingewabakiza. Andikeni jibu lake kwenye faili, pembeni ya swali hilohilo, likiwa na tarehe na jina la ofisa atakayelishughulikia.