Washauri wa msiba waliokuja kanisani baada ya mchungaji kufariki ghafla: maoni yangu

Wazee wa makanisa mengine wananiuliza kama huduma hii inafaa kulipiwa kutoka mfuko wa kanisa. Inafaa. Ila kabla ya kuwaita, kubalianeni nao kuhusu familia ya marehemu, kwa maana hapo ndipo walipopungukiwa.

Mchungaji wetu alihubiri Jumapili, na Jumanne asubuhi moyo wake ukasimama. Hakuwa akiugua. Mimi ni katibu wa baraza la wazee, kwa hiyo wiki ile nilishinda nikiandika: matangazo, ratiba ya mazishi, majibu ya rambirambi. Sikutoa chozi. Mazishi yalipokwisha ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Mwalimu wa kwaya alishindwa kuanzisha wimbo, baadhi ya waumini wakaacha kuja ibadani, nasi wazee tukaanza kuvutana juu ya nani apande mimbarini.

Walikuja washauri wawili, mama na kijana. Walitugawa: wazee peke yao, kwaya peke yao, akina mama, vijana, watoto wa shule ya Jumapili. Malipo ni kwa kikao, si kwa kichwa.

Kikao cha kwanza cha wazee kilikuwa na swali moja tu: ulikuwa wapi habari ilipokufikia? Hakuna aliyeambiwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa, maneno tuliyokuwa tumekwisha kuyasikia hadi yakatuchosha. Yule mama alitukumbusha rafiki za Ayubu, walivyoketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Kisha akanyamaza kweli. Mzee mmoja akasema kuwa usiku wa mwisho alimpigia mchungaji simu kwa ukali, kisa funguo za ukumbi. Mshauri hakukimbilia kumwambia kwamba amesamehewa. Alimuuliza, "Mkigombana, kwa kawaida mlikuwa mnamalizaje?" Akajibu, "Kesho yake ananipigia yeye." Hapo akalia, na mimi nikalia naye.

Kuna jambo ambalo baraza lilikuwa halijaliwaza kabisa. Waumini wengi walikuwa wamemweleza mchungaji siri zao za ndoa, madeni na ulevi. Walimpoteza mtu pekee aliyejua, na juu ya hayo wakaingiwa na hofu kwamba daftari zake zitasomwa. Kwa ushauri wa wale wawili, tulizifunga zote kwenye bahasha bila kuzifungua, tukalitangaza hilo mbele ya ibada. Niliona watu wakishusha pumzi.

Kwa watoto walisema "amekufa", hawakusema "amelala", kwa sababu mtoto mdogo akiambiwa hivyo anaweza kuanza kuogopa kitanda chake. Walimu wetu wa shule ya Jumapili walipinga mwanzoni, nami nawashukuru kwa kukubali baadaye.

Kilichonikera ni karatasi ya hatua tano za huzuni waliyoigawa bila maelezo. Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa magonjwa ya akili, alizieleza hatua hizo mwaka 1969 kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wao wenyewe. Kwetu ziligeuka ngazi ya kupanda. Dada mmoja wa kwaya aliuliza kama ni upungufu wa imani kuwa bado hajafika kwenye hatua ya mwisho, "kukubali". Laiti wangegawa maelezo ya watafiti wa huzuni ya msiba, Stroebe na Schut, ya mwaka 1999, ambayo yule kijana alinisimulia pembeni: mfiwa huenda na kurudi kati ya kumlilia marehemu na kushughulikia maisha yanayoendelea. Nilijiona humo, mimi na barua zangu.

Sasa familia. Mama mchungaji aliwekwa kwenye kikundi cha akina mama, na ikawa yeye ndiye anayewabembeleza wengine. Mjane huyu alifiwa na mume na mchungaji wake kwa siku moja, na nyumba anayoishi ni ya kanisa. Hakustahili kubeba machozi yetu. Tulipodai apate mshauri wake, asiye na uhusiano wowote na kanisa, walimtafuta, lakini ilibidi tudai. Hilo lilipaswa kuwa la kwanza kwenye mpango wao.

Kuhusu mrithi, walitusihi tusikimbie. Israeli walimlilia Musa siku 30, ingawa mrithi wake, Yoshua, alikuwa tayari amewekewa mikono. Tukaalika wahubiri wageni, na mabishano barazani yakapoa.

Jambo la mwisho la kuwadai ni kikao cha kurudi. Vikao vyao huisha mapema, ilhali mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, huhesabu huzuni iliyorefuka kupita kiasi kuanzia miezi 6 na kuendelea. Sisi tumewaomba warudi baada ya nusu mwaka, waanze na wale walioacha kuja ibadani, na wamekubali bila kuongeza malipo.