Nimechangia nauli za wanafunzi wa atachimenti kwa njia nne: hii ndiyo niliyobaki nayo

Aliyenisukuma kuanza ni kijana wa chuo cha ufundi aliyeletwa kwenye karakana ninakofanya kazi, Eneo la Viwanda hapa Nairobi, kwa atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini, ya miezi mitatu. Kila asubuhi alikuwa anajificha nyuma ya kibanda cha mlinzi, anavua raba zilizojaa vumbi, anazitia kwenye begi na kuvaa viatu vyeusi alivyovibeba. Siku moja nikamuuliza. "Mama, natembea kutoka Kayole," akasema. "Nauli ninayo ya siku mbili kwa wiki."

Atachimenti yake haikuwa na malipo, na bila kuimaliza asingehitimu. Nilipiga hesabu kwa kalamu: shilingi 70 kwenda, 70 kurudi, siku 22. Jumla 3,080 kwa mwezi, na hapo mvua haijanyesha wala makanga hawajapandisha bei. Kuna kozi nzima zinakwama kwa sababu ya hela hizo.

Hapa Nairobi nilipata shirika lisilo la faida linalowalipia wanafunzi wa aina hiyo nauli, chakula cha mchana na bima wanayodaiwa kabla ya kupokelewa kazini. Jina sitalitaja, maana nina malalamiko nitakayoyaeleza.

Nilianza na Paybill, yaani namba ya biashara ya kulipia kwa M-Pesa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kwenye bango lao. Nikaingiza namba ya biashara, na kwenye namba ya akaunti nikaandika jina langu kama ninavyofanya kanisani. Nikatuma 3,000. Ujumbe wa M-Pesa ukaingia papo hapo, halafu kimya. Wiki tatu nzima! Nilipiga simu mara nne. Mwishowe dada wa uhasibu akanieleza kwa upole: "Dada, pale kwenye akaunti ulitakiwa kuandika neno la mpango wa nauli. Pesa yako imeingia kwenye mfuko wa jumla." Waliihamisha, ila kundi la wanafunzi nililolikusudia lilikuwa limeshaanza kazi. Niliumia kweli, kwa sababu bangoni neno hilo halikuwepo. Kabla ya kubonyeza namba ya siri, waulize uandike nini hapo. Uliza pia ada ya kutuma ni ya nani. Kuna Paybill ambazo mtumaji hukatwa, na nyingine shirika ndilo hubeba.

Njia ya pili ilikuwa harambee ya wafanyakazi wenzangu kupitia M-Changa, jukwaa la kuchangisha pesa mtandaoni. Inafaa mkiwa wengi: kila mtu anatuma kwa simu yake, jumla mnaiona wote, hakuna wa kumshuku mweka hazina. Jukwaa hukata ada yake, na moto wa harambee huzima baada ya wiki mbili. Nauli nayo inatakiwa Jumatatu hadi Ijumaa.

Nikatoa na laptopu yangu ya zamani. Waliipokea vizuri, lakini betri ilikuwa imechoka na walilazimika kununua nyingine. Nisingerudia bila kuwauliza kwanza wanahitaji nini.

Ninayoitumia sasa ni M-Pesa Ratiba, ile huduma ya malipo ya kujirudia ambayo Safaricom ilizindua mwaka wa 2024. Niliweka Paybill, neno la akaunti, kiasi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Tarehe 2 ya kila mwezi, kabla mshahara haujatawanyika, 1,000 inaondoka. Wenzangu wawili wa karakana wamefanya vivyo hivyo, kwa hiyo sisi watatu tunakaribia kumbeba mwanafunzi mmoja mwezi mzima. Shirika nalo linajua mapema lina kiasi gani, likaweza kumwambia mtoto wa watu aende akaripoti kazini bila wasiwasi. Kwangu hapa ndipo pesa ndogo hufanya kazi kubwa kuliko zile 3,000 zangu za mara moja.

Kuhusu KRA, mamlaka ya kodi: sheria huruhusu mchango wa hisani upunguzwe kwenye mapato yako yanayotozwa kodi, mradi shirika lina cheti cha msamaha wa kodi, na wewe hukupata faida yoyote. Omba risiti rasmi na nakala ya cheti hicho mapema. Mimi niliviomba mwezi wa sita, siku za mwisho za kuwasilisha ritani, nikasumbuana nao bure.

Tangu ile simu, risiti zinakuja ndani ya siku mbili na kila muhula wanatuma hesabu ya wanafunzi waliolipiwa. Hilo nawapongeza kwa moyo wote. Bango lao bado halijabadilishwa. Lile lililoko kwenye ubao wetu wa matangazo, kando ya kibanda cha mlinzi, nimeliandika neno la akaunti mwenyewe kwa kalamu nyekundu.