Usuluhishi wa lazima wa mahakama za California: siku 60 zimeuokoa, kikomo cha dola 50,000 kinaubana

Usuluhishi unaoamriwa na mahakama katika jimbo la California, Marekani, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1978 ili kesi ndogo za madai zisizibe njia ya kesi kubwa. Katika mahakama yenye majaji 18 au zaidi, shauri ambalo jaji anakadiria kuwa thamani yake haizidi dola 50,000 kwa kila mdai hupelekwa kwa msuluhishi, aghalabu wakili au jaji mstaafu, ambaye husikiliza ushahidi na kutoa tuzo, yaani uamuzi wake kuhusu kiasi cha kulipwa, ndani ya siku 10 baada ya kikao.

Ukiutazama usuluhishi huu kama huduma, sifa yake kubwa ni wepesi wa ushahidi. Ripoti ya daktari au bili ya hospitali hupokelewa bila daktari mwenyewe kuitwa, mradi upande wa pili uwe umepewa nakala siku 20 kabla ya kikao. Kwa mdai aliyeumia katika ajali ya gari, hapo ndipo gharama nyingi hupungua. Msuluhishi hulipwa na mahakama dola 150 kwa kesi au kwa siku, ujira ambao, kusema kweli, hauwezi kumvutia wakili mwenye shughuli nyingi.

Tuzo hiyo haimfungi mtu asiyeridhika, kwa kuwa anaweza kuomba kesi isikilizwe upya mbele ya jaji kana kwamba usuluhishi haukuwahi kufanyika. Awali muda wa kuomba ulikuwa siku 30, na wakili mwangalifu aliwasilisha ombi hata pale ambapo pande mbili zilikuwa karibu kuafikiana, kwa kuchelea kupitwa na muda. Tangu mwaka 2012 muda ni siku 60, na kwa maoni yangu hayo ndiyo marekebisho bora kuliko yote, kwa sababu yanaziachia pande zote nafasi ya kuzungumza tuzo ikiwa mezani. Anayeomba kesi mpya kisha asipate hukumu iliyo nafuu kuliko tuzo hubeba gharama za mwenzake, zikiwemo za mashahidi wataalamu, na kuirudishia mahakama ujira wa msuluhishi.

Kasoro ziko mbili. Msuluhishi halazimiki kueleza sababu za uamuzi wake, hivyo aliyeshindwa hupokea tarakimu tupu na kulazimika kubahatisha kama akubali au akatae. Pili, kikomo cha dola 50,000 hakijaguswa kwa miaka mingi, ilhali mwaka 2024 ukomo wa thamani ya kesi za ngazi ya chini, yaani kesi za madai madogo zaidi, ulipandishwa kutoka dola 25,000 hadi 35,000. Kesi za ngazi hiyo hufika kwa msuluhishi pale tu kanuni za mahakama husika zinaporuhusu, kwa hiyo eneo ambalo usuluhishi ni wa lazima, ambalo sasa ni kesi za kati ya dola 35,000 na 50,000, limezidi kuwa jembamba.