Uzoefu wangu: Kutembelea Maktaba ya Bunge la Marekani nikiwa Tanga

Mimi ni mkutubi wa shule ya sekondari jijini Tanga, na kwa miaka mingi Maktaba ya Bunge la Marekani ilikuwa kwangu jina tu, lile linalochapwa nyuma ya ukurasa wa kwanza wa vitabu vingi vya Kiingereza karibu na namba ya uorodheshaji. Sikuwahi kujiona kuwa mgeni wake, kwa kuwa nauli ya kufika Washington ni mshahara wangu wa miezi mingi, na hapo sijagusa habari ya viza. Machi 2020, majumba yake yalipofungwa kwa wageni kutokana na korona, mihadhara, matamasha ya muziki na hata Tamasha la Taifa la Vitabu vilihamishiwa mtandaoni, na mlango uliofungwa kwa watu wa Washington ukawa umefunguliwa kwangu.

Nianze na Tamasha hilo, ambalo lilianzishwa mwaka 2001 na hufuatwa na umati mkubwa wa wasomaji. Mwaka 2020 lilifanyika mtandaoni kuanzia tarehe 25 hadi 27 Septemba, bila kiingilio. Shule zetu zilikuwa zimekwisha kufunguliwa tangu mwisho wa Juni, hivyo Jumamosi ya tarehe 26 nilikusanya wanachama 14 wa klabu ya usomaji mbele ya kompyuta mpakato moja na projekta ya kuazima kutoka maabara. Waandishi walizungumza wakiwa majumbani kwao, na wanafunzi wangu, badala ya kuwasikiliza, kwa dakika kumi za mwanzo walishughulika kusoma migongo ya vitabu vilivyopangwa nyuma ya wazungumzaji. Sikuwakataza, maana hata mimi nilikuwa nafanya hivyo hivyo. Mmojawapo wa mikondo ya mwaka ule ulihusu sauti za watu weusi, na hapo ndipo ukumbi wetu ulipotulia, kwa sababu walikuwa wakisikia watu wakieleza mambo ambayo vitabu vya mtaala vinayapitia kwa aya moja.

Umeme ulikatika mara mbili. Bando niliyoiita ya siku tatu ilikwisha siku ya kwanza kabla ya magharibi. Hayo ni ya kwetu, hayamhusu mwenye shughuli, lakini anayesoma tathmini hii akiwa na nia ya kufanya kama nilivyofanya ni lazima ayajue: picha inayocheza moja kwa moja hula bando bila huruma. Kilichotuokoa ni kwamba mazungumzo yale yalirekodiwa na kubaki mtandaoni, nami nikajifunza kupakua usiku, wakati bando ni nafuu, nikaingiza kwenye flashi na kuonyesha kesho yake.

Suala la saa nalo lilinipa somo. Mwezi Septemba na Oktoba saa za Washington ziko nyuma ya zetu kwa saa saba, kwa hiyo saa 4 asubuhi ya huko ni saa 11 jioni ya hapa. Kwa mhadhara mmoja wa Oktoba niliandika kwenye ubao wa matangazo “saa 10”, kama ilivyokuwa kwenye ratiba yao ya Kiingereza, na wanafunzi wakaja saa kumi jioni, wakakaa saa nzima wakitazama ukuta mweupe. Tangu hapo naandika saa kwa maneno, tena kwa hesabu yetu. Matamasha ya muziki yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu onyesho la saa 2 usiku wa Washington hutufikia sisi saa 9 usiku wa manane, na majira ya baridi yakianza kwao hutufikia saa 10 alfajiri. Kwa muziki basi mimi ni mtu wa marudio. Nasikitika kidogo, kwa kuwa ukumbi wenyewe, Coolidge Auditorium wa mwaka 1925, unasifiwa kwa namna unavyobeba sauti, na spika ya kompyuta yangu haiwezi kuleta sifa hiyo hadi Tanga.

Sasa jengo lenyewe. Jengo la Thomas Jefferson lilifunguliwa kwa umma tarehe 1 Novemba 1897, na kabla ya hapo vitabu vilikuwa ndani ya jumba la Bunge. Wanafunzi walipenda zaidi habari ya mkusanyiko wa kwanza kuteketea mwaka 1814 Waingereza walipochoma jumba hilo, na Jefferson, rais mstaafu wa Marekani, kuiuzia serikali vitabu vyake 6,487 kwa dola 23,950. Kijana mmoja alipiga hesabu papo hapo: chini ya dola nne kwa kitabu. Akauliza kama kwa bei hiyo tungeweza kununua angalau rafu moja.

Naamini kuna jambo moja ambalo mgeni wa mtandaoni hulipata vizuri kuliko aliyekwenda kwa miguu, nalo ni dari. Kwenye kuba la chumba kikuu cha kusomea kuna mchoro wa Edwin Blashfield wa miaka ya 1890 wenye watu kumi na wawili waliokaa duara, kila mmoja akiwakilisha nchi au zama na mchango wake kwa ustaarabu. Misri ina maandishi, Uislamu una fizikia, Ujerumani ina uchapaji. Aliye chini hukunja shingo na kuona rangi tu, ilhali sisi tuliivuta picha karibu hadi tukasoma maneno. Msichana wa kidato cha tatu akauliza kwa nini Afrika nzima imekaa kwenye kiti kimoja cha Misri. Swali hilo lilitupa mjadala wa juma zima. Tena picha tulizotumia, za mpiga picha Carol Highsmith, hazina masharti ya hakimiliki, hivyo nilichapisha moja na kuibandika ukutani bila hofu.

Kinyume chake, Biblia ya Gutenberg, kitabu maarufu cha mwanzo wa uchapaji Ulaya, haikunigusa nilivyotarajia. Nakala yao imechapwa kwenye ngozi ya ndama na ni moja kati ya tatu tu za aina hiyo zilizosalia zikiwa kamili, lakini kwenye skrini ngozi ya ndama na karatasi ya photocopy ni mamoja.

Nilitumia pia huduma ya kumuuliza mkutubi kwa maandishi. Niliuliza kuhusu magazeti ya zamani ya Kiswahili, nikijua kwamba Maktaba hiyo ina ofisi Nairobi tangu 1966 inayokusanya machapisho ya ukanda wetu. Jibu lilikuja baada ya siku chache, la adabu na la kitaalamu: nitafute chini ya Tanganyika na Zanzibar, si Tanzania tu, na nijue kwamba vipo vitu ambavyo kwa sababu ya hakimiliki husomwa ndani ya majengo yao peke yake. Hapo mtandao unafika mwisho wake.

Nasifu haya yote kwa kuwa nimeonja na upande wa pili. Jumba jingine la serikali, ambalo si la Marekani na sitalitaja, nalo lilitangaza mwaka uleule kwamba mikutano yake ya wananchi imehamia mtandaoni. Kiungo kilinifikia mkutano ukiwa umekwisha. Marudio yake ni video ya saa tatu ambayo dakika ishirini za mwanzo kipaza sauti kimezimwa, na sehemu ya maswali imefungwa.

Nikitakiwa kutoa nyota, naipa Maktaba nne kati ya tano, na ile ya tano naizuia kwa sababu ya zile saa za usiku wa manane, ingawa najua jua halichomozi kwa amri yao. Milango ya jengo la Jefferson ilifunguliwa tena Julai 2021 kwa wageni wenye tiketi za muda maalumu. Picha ya kuba bado iko ukutani kwangu, juu ya rafu ya kamusi, na chini yake yule msichana ameongeza kwa penseli kiti cha kumi na tatu.