Faiba au bando kwa duka la Ngamiani?
Kwa mwenye steshenari pale Ngamiani, Tanga, mimi nasema faiba, yaani intaneti ya waya inayofika hadi dukani, kuliko bando la simu. Bando unatembea nalo hadi Raskazone, tena halihitaji fundi. Lakini mnara wa simu mnagawana na mtaa mzima. Jioni faili la mteja linazunguka tu huku foleni inakua. Faiba hupitisha data kwa mwanga, kasi yake haiyumbi hivyo. Ila umeme ukikatika ruta, kile kifaa kinachosambaza intaneti dukani, inazima, na nywila iliyokuja nayo ibadilishe fundi akiondoka tu. Wateja wape mtandao wa wageni, yaani Wi-Fi yao ya pembeni, wasikae pamoja na kompyuta yenye hesabu zako. Nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika Mei 2024, njia zote mbili zilisuasua, maana hata mnara hutegemea nyaya hizo kufika ng'ambo.